Tuache kusema "Mungu kapenda" kila meli ikizama

Ndugu Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wa Kanda ya Ziwa tumelibeba muda mrefu, na nalisema kama Mkristo kwa Wakristo wenzangu maana kwenye kila msiba wa taifa viongozi wetu wa dini ndo wanakuwa wa kwanza kushika kipaza sauti.

Kila tarehe 21 Mei tunaenda makaburini Igoma kuwakumbuka wa MV Bukoba. Waliozaliwa baada ya 1996 wanaisikia kama hadithi, basi niwaambie kwa kifupi: meli ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, asubuhi inaikaribia Mwanza ikapinduka, meli ya abiria 430 halafu waliokufa wakapita 800. Haikuzama hapohapo, ilielea tumbo juu na ndani kuna watu wanagonga chuma, waokoaji wakatoboa ili wawatoe, hewa ikatoka na meli ikazama nao. Mama yangu mdogo alikuwa humo na mwili wake haukupatikana, kwa hiyo sisi Igoma tunaweka maua kwenye makaburi ya wote huku tukijua inawezekana kabisa yeye hayupo pale.

Sasa kwenye ule msiba walipita watu mmoja baada ya mwingine, wanamshika mama mkono wanamwambia "Mungu kapenda", "kazi ya Mungu haina makosa", na mama anaitikia amina kwa adabu. Baada ya hapo miaka ikapita mama hali samaki wa ziwani, si sangara si sato, na kanisani zikifika nyimbo za shukrani anakaa kimya. Imani hakupoteza, misa hakukosa, ila alikuwa ameletewa Mungu aliyemzamisha mdogo wake, na Mungu wa hivyo utamwimbiaje jamani?

Mimi nasema wazi, Mungu hakuizamisha ile meli, watu ndo waliijaza. Na Septemba 2018 ikawa hivyohivyo kwa MV Nyerere, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha watu 101 kikapinduka kimebakiza kidogo tu kifike kisiwa cha Ukara na tukazika zaidi ya 220. Miaka 22 imepita katikati na kosa ni lilelile! Tukisema Mungu kapenda tunamsingizia, na hapohapo tunampumzisha yule aliyeruhusu watu waendelee kupanda wakati nafasi imeshaisha.

Biblia yenyewe haisemi hivyo. Yesu pale kwa Lazaro alijua kabisa anakwenda kumfufua na bado alilia, mbele za watu. Paulo anawaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hajawakataza kulia, na Zaburi ya 130 inaanza "toka vilindini nimekulilia", yaani kuna mtu yuko chini kabisa anamwita Mungu na hakuna anayemnyamazisha. Sisi tunanyamazishana, mfiwa akilia siku ya tatu tunamwambia jikaze, mkabidhi Mungu.

Aliyemsaidia mama ni padre mmoja mzee, alikuja nyumbani turubai limeshashushwa na watu wamerudi makwao, akakaa, akafungua Ufunuo sura ya 20 pale bahari inapowatoa wafu waliokuwamo ndani yake, akasoma mara mbili taratibu. Hakuhubiri, alikunywa chai akaaga. Mama akakaa kimya muda halafu akasema "kwa hiyo anajua alipo". Mwili haukurudi na uchungu haukuisha, lakini alipata pa kusimama, na akina mama wa jumuiya waliendelea kuja, huyu na ndizi, huyu anafua, huyu anakaa tu naye kwenye mkeka mpaka jioni, mwaka mzima na zaidi. Mimi ukiniuliza tumaini la Kikristo nimeliona wapi ntakwambia hapo.

Na nimeliona kwa wavuvi. Ndege ilipotumbukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43 wavuvi ndo waliofika kwanza na mitumbwi yao, 19 walifariki na 24 wakatoka hai. Hakuna mvuvi aliyesimama ufukweni akasema ni mapenzi ya Mungu, walipiga kasia.

Ombi langu kwa mapadre, wachungaji na maaskofu wetu, 21 Mei ijayo pale Igoma msomeeni watu hiyo Zaburi, muwaache walie bila kuharakishwa, na msiogope kutaja kwamba vifo vile vilizuilika. Halafu kuna hili la kwetu wenyewe linaniumiza sana, kwaya zetu zinapanda mitumbwi ya injini kwenda visiwani kwenye makongamano na uzinduzi wa albamu, vijana wamebanana, vyombo vya muziki katikati, hakuna hata mmoja aliyevaa boya na wanaimba. Hela ya sare mpya tunachanga wiki mbili inatosha, hela ya maboya haijawahi hata kutangazwa. Paroko au mchungaji unayesoma barua hii, kabla hujaibariki safari nyingine ya kwaya uliza kwanza maboya yako mangapi, na kama hayatoshi wasipande.

Msomaji wenu,
Nyakato, Mwanza