Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Umoja wa Wawakilishi wa Wanafunzi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naleta mbele yenu taarifa ya Umoja kwa mwaka unaoisha. Ya kawaida nayapitia haraka kwa kuwa mnayajua. Wawakilishi wa madarasa walichaguliwa, wapya wakapewa semina, kamati tendaji ikakutana mara 9, Seneti tukahudhuria mara 4. Bodi za vitivo tuliingia zote isipokuwa moja, ambayo barua yake ya mwaliko ilitufikia siku mbili baada ya kikao. Malalamiko ya matokeo yaliyopokelewa 37, yaliyomalizika 22, yaliyobaki vitivoni 15. Majedwali anayo Katibu.

Sasa niingie kwenye lile lililowaleta wengi hapa leo: viti viwili vya Kamati ya Fedha ya chuo.

Mkutano wa mwezi wa tatu uliazimia tusiingie kwenye kamati hiyo mpaka tupewe haki ya kupiga kura. Kamati tendaji, chini ya uongozi wangu, ikaingia bila kura. Nimeitwa msaliti. Kwenye kundi letu la simu imewekwa picha ya kiti kitupu chenye jina langu. Naomba leo mnisikilize hadi mwisho. Azimio lile lilipitishwa na watu 19, na akidi ya katiba ni 60. Ni kweli mkutano niliuongoza mimi na suala la akidi sikuligusa siku ile. Ningeligusa, mngesema nawafunga midomo.

Kikao cha kwanza viti vyetu vilipangwa ukutani, nyuma ya meza, na kibao kimeandikwa "Mwalikwa". Kabrasha la kurasa 140 tulikabidhiwa jana yake saa kumi na moja jioni. Tukaligawana usiku ule, nusu yangu na nusu ya makamu wangu. Ukurasa wa 96, katikati ya jedwali la matengenezo, palikuwa na mstari mmoja tu: maktaba ifungwe saa mbili usiku badala ya saa nne, "kulingana na matumizi". Aliyeuona ni makamu, lakini aliyenyoosha mkono ni mimi. Mwenyekiti wa kikao akanikumbusha kwamba sina kura. Nikajibu siombi kura, naomba hesabu ya hayo matumizi. Hesabu haikuwapo. Hoja ikaahirishwa, na mpaka leo taa za maktaba zinazimwa saa nne. Tungesusa, mstari ule ungepita kimyakimya, kisha tungekuja kuandamana mlangoni.

Wapo wanaonitajia Chuo cha Bologna, Italia, ambako enzi za kati wanafunzi ndio waliochagua rekta, yaani kiongozi wa chuo, na mwalimu aliyechelewa darasani akapigwa faini. Sawa, lakini walimu wale walikuwa wanalipwa na wanafunzi wenyewe. Mji ulipoanza kutoa mishahara, ubavu ule ukaisha. Wengine hunitajia Córdoba ya Argentina, 1918, ambako mgomo uliwapa wanafunzi sauti kwenye uongozi wa chuo na moto wake ukasambaa Amerika ya Kusini. Nami nawaheshimu. Ila wale waligoma wakiwa wengi. Sisi tuwatishe wakubwa na watu 19? Na kura yenyewe si mwisho wa safari: Ujerumani wanafunzi walishaipata, lakini mwaka 1973 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kwenye masuala ya utafiti uzito wa mwisho ubaki kwa maprofesa. Kura naitaka kama nyinyi mnavyoitaka. Barua ya kuiomba nimeiandika kwa mkono wangu mara tatu.

Nigusie mahudhurio, ingawa inaniuma. Mikutano mikuu 5, iliyotimiza akidi 1, nayo ni ile ya uchaguzi. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walimchagua Edward Snowden, Mmarekani aliyefichua siri za ujasusi wa nchi yake, kuwa rekta wao, yaani mwakilishi wao kwenye uongozi wa chuo, akiwa uhamishoni Urusi, hata kufika chuoni hawezi. Yeye alikuwa na udhuru. Mwakilishi wetu kwenye Kamati ya Nidhamu, anayelala bweni lililo mkabala na ukumbi wa kikao, hakutokea mara mbili mfululizo. Mara ya pili mwenzetu wa mwaka wa kwanza alihojiwa na watu saba, peke yake, hana hata wa kumwambia kwamba ana haki ya kuomba muda. Nilizipata habari jioni, adhabu ikiwa imeshatolewa. Simtaji mtu, ila wanaonisema kwa kukalia kiti kisicho na kura wakumbuke kwamba kile kilikuwa na kura.

Ada: wanachama 312, waliolipa 94, walioahidi 40, waliobaki kimya. Mweka Hazina amechoka kuwakumbusha, na nakala za makabrasha tumezitoa kwa fedha yangu na ya Katibu miezi miwili sasa. Sidai kurudishiwa.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuendelea na mazungumzo kuhusu kura, kuomba makabrasha yatolewe mapema zaidi, na kuangalia uwezekano wa kupitia upya kifungu cha akidi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti