Wapenzi wasio na mshenga

Tanga,
Ijumaa jioni

Mpendwa Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako. Barua yako imenifikia pamoja na kitabu changu, Persuasion, riwaya ya Mwingereza Jane Austen, nami nimeona jinsi Anne Elliot, mhusika wake mkuu, alivyokuudhi. Unasema kwamba msichana wa miaka 19 aliyechumbiwa na kijana anayempenda kwa dhati, kisha akauvunja uchumba kwa kuwa Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, amemwambia kuwa Frederick Wentworth hana mali wala jamaa wa kumwinua, hastahili kuhurumiwa. Nimeisoma barua yako mara mbili, na bado sikubaliani nawe.

Anne alipomwacha Wentworth mwaka 1806 aliamini kwamba anamtua mzigo kijana aliyekuwa bado anatafuta maisha katika jeshi la wanamaji. Alijinyima kwa ajili yake, na Wentworth hakulijua hilo. Kinachoniuma mimi ni miaka minane iliyofuata, kwa sababu wawili hawa hawakuwa na mshenga. Desturi ya watu wa tabaka lao haikumruhusu mwanamwali kumwandikia barua mwanamume asiye mchumba wake, sembuse kumtamkia mapenzi. Naye Wentworth, aliyekuwa na ruhusa ya kusema, alifungwa mdomo na kiburi. Hivyo anaporudi mwaka 1814, baada ya amani na Ufaransa, akiwa Kapteni mwenye pauni 25,000 alizojipatia baharini, kila mmoja hupata habari za mwenzake kupitia vinywa vya watu ambao hakuna aliyewatuma. Mary, mdogo wake Anne, ndiye anayemletea dada yake kauli ya Wentworth kwamba Anne amebadilika kiasi cha kutotambulika, na anaisema kama soga ya sebuleni, kwa maana hajui kuwa waliwahi kuchumbiana.

Tafadhali irudie sura ya 10, ile ya matembezi ya Novemba kwenda Winthrop. Anne amechoka, ameketi peke yake, na nyuma ya ua wa miti anasikia sauti za Wentworth na Louisa Musgrove, wifi yake Mary. Wentworth ameshika kokwa lililostahimili dhoruba zote bila kutoboka, anamsifia Louisa watu wenye msimamo, na Anne anajua fika ni nani asiyesifiwa. Kisha Louisa anasimulia kwamba kaka yake Charles, kabla ya kumwoa Mary, alimposa Anne akakataliwa, na kwamba wazazi wake huamini kuwa Lady Russell ndiye aliyemshawishi Anne amkatae. Zuhura, habari hiyo ni ya uongo! Lady Russell aliitaka sana ndoa ile. Anne alikataa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa moyo wake ulikuwa bado kwa Wentworth. Jambo ambalo lingemthibitishia Wentworth kwamba anapendwa linamfikia likiwa ushahidi wa pili wa udhaifu wa Anne, na Anne yupo hatua chache tu kutoka hapo, anasikia kila neno na hawezi kusahihisha hata moja. Sijui sehemu nyingine ya riwaya hii iliyonikosesha usingizi kama hiyo.

Baadaye kimya hicho hicho kinamrudia Wentworth. Louisa anapoanguka kwenye ngazi za gati la Lyme, mji wa pwani, tayari watu wamekwisha kumhesabu Wentworth kuwa mchumba wake, na anagundua kwamba heshima inamfunga kwa ahadi ambayo hakuitoa. Anaokoka kwa kuwa Louisa mwenyewe anampenda mwingine.

Kuhusu mwisho, ambao umeuona kuwa wa ghafla, nikueleze jambo moja. Mwandishi aliandika kwanza mwisho mwingine, na karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza. Humo Wentworth anatumwa na shemeji yake, Admirali Croft, kumuuliza Anne kama ni kweli ataolewa na binamu yake. Yaani mpenzi mwenyewe anafanywa mjumbe wa mwingine. Mwaka 1816, akiwa tayari anaugua, Austen aliufuta na kuuandika upya. Katika mwisho tulio nao, Wentworth anaandika mezani katika hoteli mjini Bath, huku Anne akizungumza na Kapteni Harville, rafiki wa Wentworth, juu ya nani hupenda kwa muda mrefu zaidi, mwanamume au mwanamke. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane na nusu anayasikia ya moyoni mwa Anne kutoka kinywani mwake. Anaandika barua palepale, anatoka, anarudi kwa kisingizio cha glavu alizosahau, na kuiweka mbele ya Anne kwa mkono wake mwenyewe.

Walipokwisha kupatana, Wentworth alimuuliza: kama ningekuandikia mwaka 1808, nilipopata fedha kidogo na kukabidhiwa meli ya Laconia, ungenikubali? Jibu la Anne halina shaka hata chembe, naye Wentworth anakiri kwamba miaka sita ya mateso ingeepukika. Isome tena sura hiyo ya 23, ndugu yangu, kisha uniandikie kama bado unamlaumu Anne peke yake. Kitabu nakirudisha kwako pamoja na barua hii.

Rafiki yako akupendaye,
Salma