Kabla ya Jumamosi, ile shawa

Mwanangu,

Huku Wundanyi hatujambo. Mama yako ameniambia unahamia Jumamosi na mpangaji ameshatoa vyombo vyake. Ni vyema nyumba ikae na mwenyewe. Lakini juzi jioni redio imetangaza nyumba iliyoungua huko Eastlands, wanasema ni shoti, na tangu hapo usingizi wangu ni wa kuibaiba. Kwa hivyo kabla ya rangi, kabla ya mapazia: ile shawa ya maji moto isiwashwe.

Usiniambie mpangaji ameoga nayo miaka yote na yu mzima. Naujua waya ulio ndani ya ukuta ule. Nyumba zetu za Buruburu zilijengwa wakati stima ilikuwa ya taa, redio na pasi. Shawa ile ni ya kilowati 5.5, yaani inavuta karibu ampea 23, na imeungwa kwenye waya wa taa, ule mwembamba wa milimita 1.5 za mraba. Haki yake ni waya wa 6 unaotoka moja kwa moja kwenye sanduku la fyuzi, na swichi yake peke yake.

Utakumbuka fyuzi ilikuwa ikikatika kila asubuhi, halafu ikaacha. Hukuuliza kwa nini, nami sikusema. Mwambie fundi afungue kifuniko cha tatu kutoka kushoto aone waya uliofungwa mle ndani ni mnene kiasi gani. Afungue yeye, si wewe, na mainswichi iwe imezimwa. Kuiunga shawa, fundi mwenye leseni alitaka 18,000, yule mwingine 2,000, na ulikuwa mwezi wa Januari. Sasa na wewe una mtoto, Januari utaijua.

Ile Pasaka stima ilipokushika mkono siirudii. Nilisema ni woga. Mama yako hadi leo hajanyamaza.

Huyo fundi akuonyeshe kadi yake ya EPRA, wale wa serikali wanaotoa leseni za mafundi wa stima, kabla hajapanda ngazi. Usiogope kumwuliza eti ni mtu mzima. Wewe huko kazini unawahoji wakubwa kuhusu mamilioni, nami najisifu kwa majirani, kumbe nyumbani kwako unanunua sofa la 70,000 kabla ya kujua ukuta una nini. Waya anunue wenye alama ya KEBS, wale wa viwango, na akate kipande mbele yako. Kuna nyaya mjini zimeandikwa 2.5 na shaba iliyo ndani ni kama uzi wa kushonea. Viungo vilivyosokotwa na kuzungushiwa tepu kule juu ya dari aving'oe vyote. Aweke pia ile swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja, ya miliampea 30.

Tena kuna waya wa ardhi, ule wa kupeleka udongoni stima iliyovuja. Nondo yake ilikuwa nje, chini ya meta. Nilipomwaga simiti ya varanda sikumbuki kuiona tena. Fundi aipime kwa kifaa, asikwambie tu “iko”.

Na soketi ya jikoni, nyuma ya friji: ukisikia harufu kama ya samaki na hujanunua samaki, zima, plastiki inaungua polepole. Ekstensheni usiipitishe chini ya zulia. Najua nilikuwa naipitisha.

Mpangaji asirudishiwe depoziti kabla hujaangalia sinki. Tokeni zilizobaki kwenye meta ni zake, msigombane kwa 200. Lile tenki la juu lina ufa upande wa jua, nililiziba kwa gundi, sijui kama imeshika. Mbuzi wa mama yako amezaa mapacha, mmoja mdhaifu. Goti langu ni lile lile.

Nimekutumia 15,000 kwa simu. Si za sofa. Zikipungua, sema, usinyamaze halafu utafute fundi wa kona kama mtu fulani.

Maparachichi yanakuja na basi la Ijumaa usiku, uyachukue mapema kabla hayajaiva yote. Mjukuu wangu aogeshwe kwenye beseni mpaka fundi amalize. Maji chemsha kwa gesi.

Baba yako