Mwanangu, mligusana pua?

Mwanangu mpenzi,

Mdogo wako aliyewafuata amerudi jana jioni, nyayo zimechubuka na tumbo limeshikana na mgongo. Nilimwacha ale kwanza. Aliposhiba akaanza na habari njema: mmeangusha swala pala wawili kwa siku tatu, mmevuka mto pasipo na mamba, dada zako wazima. Nikafurahi. Kisha akanyamaza, na unamjua akinyamaza. Nikambana. Ndipo akasema mlilala siku mbili kando ya reli ya TAZARA, upande wa Kisaki, na kwamba alikuja mbwa wa watu, mwekundu, akitikisa mkia, na wewe hukukimbia. Ulisimama. Ukashusha kichwa na kulaza masikio.

Nimemuuliza mara nne kama mligusana pua. Anasema hakuona, alikuwa nyuma ya kichaka. Basi nakuuliza wewe. Mligusana pua?

Najua utakalonijibu, kwamba kusalimu nilikufundisha mwenyewe. Ni kweli. Kwetu mbwa mwitu, asiyesalimu hahesabiwi. Kila alfajiri na kila magharibi, kabla ya kwenda kuwinda, tunaamka, tunakimbiliana, tunalambana midomo na kulia vilio vya kitoto, hata baba yako na ukubwa wake. Simba hushikana kwa nguvu na fisi kwa cheo. Sisi tunashikana kwa mdomo. Na mdomo huo ndio unaoninyima usingizi. Mmoja wenu akinusa kamasi ya mgeni leo, kesho alfajiri amewalamba wote. Wala hatuna desturi ya kumtenga mgonjwa. Mgonjwa tunamletea, mzee tunamngoja, aliyevunjika mguu tunamtapikia nyama pale alipolala. Sheria hiyo sitaki uiache hata ukifika mwisho wa dunia. Lakini kwa kuwa ndani hatujui kufunga mlango, lazima uufunge huko nje, mgeni akiwa bado mbali.

Mwezi ule wa ugonjwa siurudii. Ulikuwa mdogo ila macho ulikuwa nayo. Mlizaliwa 11, mkabaki 3, na hao 3 ndio mlioondoka pamoja siku sita zilizopita bila kungoja nirudi mawindoni.

Kuondoka kwenyewe sikulaumu. Binti wa kwetu akitimiza mwaka mmoja na nusu, miwili, hutoka na dada zake akatafute madume wa damu nyingine. Mimi pia nilitoka, na mama yangu hakunilamba siku ile. Katika kundi moja mama huwa mmoja, na nilipokubwekea mlangoni pa shimo mwezi Juni, ulipokuja tu kuwatazama wadogo zako, nilikuwa sijalala siku tatu. Ulikuwa umewaletea nyama. Nimekuja kuiona baadaye, imekauka juani, hukuimeza tena wala hukumpa mtu. Hilo nalikumbuka.

Nani atakwambia kama si mimi? Katika wote niliowazaa hakuna anayekimbia kama wewe. Siku ya yule kongoni jike, baba yako alishakata tamaa, wewe ukamzunguka ukamrudisha kwetu. Nilitamani mama yangu angekuwa hai aone. Lakini kulinda watoto hukupenda tangu mwanzo. Zamu yako ikifika una mwiba mguuni, dada yako anakaa badala yako. Sasa utakapozaa utajua maana ya kurudi na tumbo limejaa ukute mlinzi amelala na chui amepita. Huko mwendako mko watatu tu. Kila windo mmoja lazima abaki, na anayebaki lazima atapikiwe sawa na aliyekimbia. Msipofanya hivyo, mwezi wa pili hakuna atakayekubali kubaki.

Watoto wale kwanza. Hili hata sikuelezi, umekula matunda yake mwaka mzima. Wakubwa wanasimama pembeni na njaa yao mpaka wadogo washibe, hata kama fisi wanakuja. Mwone dume anayekuchumbia mbele ya mzoga. Akimsukuma mdogo, mwache hapo hapo, hata awe na mabega gani. Tena ahakikishe amekuja na ndugu zake. Dume aliye peke yake ana sababu ya kuwa peke yake, na wewe na dada zako wawili mnahitaji mikono. Mkubaliane taratibu. Msikojoe juu ya alama zao siku ya kwanza.

Na awe wa kwetu. Miguu yake uitazame: sisi vidole vinne, mbele na nyuma. Mbwa wa watu ana kidole cha tano kimening'inia juu ya mguu wa mbele. Ukiona nyayo za mbwa wa watu kwenye vumbi la njia ya ng'ombe, rudi. Ukisikia kubweka kunakojibizana na jogoo, rudi. Usiku, ukiita huuu na sauti ikajibu kutoka kwenye moshi, usiite mara ya pili.

Simba unawajua, kaa juu ya upepo wao... hapana, chini ya upepo, uwanuse kabla hawajakunusa. Fisi wakizidi idadi waachieni mzoga, swala wengine wapo. Waya ukikushika shingoni usivute. Baba yako alikaa kimya usiku kucha tukautafuna mti mpaka kijiti kikakatika, na kovu lake umelilamba mara ngapi. Mkielekea Mikumi mtaikuta barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inayokata hifadhi katikati. Vukeni alfajiri, wote kwa pamoja, msiligeukie gari. Hayo yote yanaua mmoja mmoja, na aliyebaki huwaita wenzake. Pua ya mbwa wa watu haiui mmoja.

Mpaka wa Hifadhi ya Nyerere hauna harufu, ndiyo shida yake. Mwaka 2019 watu walipoikata Selous wakaita sehemu kubwa hifadhi ya taifa, sisi hatukujua kitu, tulikuwa na mpaka wetu wa mkojo, na kila aliyefika aliusoma. Huko nje unatembea tu, miombo ni ile ile, nyasi ni zile zile, mara unakanyaga majivu. Mbwa wamelala mlangoni. Hawana ubaya wowote, na wala sikwambii uwachukie. Wanatufanana. Wanacheka kama sisi, wanatikisa mkia, wanataka kunuswa. Nasikia siku hizi watu huwapanga mstari wakawachoma sindano za kuzuia kichaa, na Mungu awabariki kwa hilo, kwani na sisi tunapona kwa sindano hizo bila kuguswa. Lakini aliyechomwa na asiyechomwa nitawatofautishaje kwa harufu? Wewe utawatofautishaje?

Wazee walitusimulia Serengeti. Makundi yaliyokuwa yakifukuza nyumbu kwenye mbuga zile, yenye majina na mashimo yao, yalitoweka mwaka 1991. Kichaa cha mbwa kilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Ilipita miaka zaidi ya ishirini, mpaka 2012, watu walipoanza kuwarudisha wengine kutoka Loliondo kwa magari. Hebu fikiria mwanangu, nchi pana kiasi kile, jioni imefika, wala hakuna anayeita.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa kuwa huenda nisipate nafasi. Unaukumbuka ule mkwaju wenye kisima chini yake, tuliohamia karibu nao mwaka wenu kwa sababu simba walikuwa wamejaa mtoni. Niliona heri moshi wa watu kuliko simba. Baba yako hakupenda. Jioni moja nilikwenda kunywa, nikamkuta jike wa mbwa wa watu, maziwa yamejaa kama yangu. Akanitazama. Akapiga chafya.

Sasa kwetu chafya ni nini? Wewe mwenyewe umekua nayo. Kundi likiwa limelala na mmoja akitaka twende, wanaokubali wanapiga chafya. Nikianzisha mimi au baba yako, tatu zinatosha. Akianzisha mdogo, zinahitajika mpaka kumi, lakini akizipata tunakwenda, na hata baba yako hatazuia. Hakuna neno la heshima kubwa zaidi. Basi jike yule akapiga chafya mara mbili, tatu. Nikasogea.

Macho yake yalikuwa na tongo. Niliyaona nilipokuwa karibu mno.

Usiku ule niliwatapikia nyote 11, mkanilamba mdomo mpaka ukakauka. Baba yako alinusa harufu ngeni juu yangu, akaondoka akalala mbali. Hajaniuliza hata leo. Dada zako wasomee barua yote, ila hapa ukipenda ruka.

Kwa hiyo ukimwona mmoja wa hao anapiga chafya, hajakubaliana nawe. Anaumwa. Kama mligusana pua na yule mwekundu, msirudi huku kwa kunitii wala kwa kunihurumia. Wadogo zako wana wiki kumi. Kaeni huko huko, msikutane na kundi lolote mpaka mwezi ule mtakaouona mwembamba upevuke na upotee, na anayeanza kukohoa alale upande wa chini wa upepo. Mleteeni chakula mkiweke karibu yake, asilambe mtu. Najua nakufundisha kuvunja sheria. Ivunje hiyo moja, kwa mwezi mmoja. Kama hamkugusana, niite kutoka kwenye kilima kile cha mawe usiku wa upepo mtulivu, mara tatu ndefu. Nitapanda kila usiku kusikiliza.

Huku hatujambo. Tumehama shimo tena, viroboto walizidi, watoto wanajikuna mpaka damu. Tulilohamia lilichimbwa na muhanga, halafu ngiri akalipanua, mlango wake unaelekea mashariki na jua linaingia mapema. Baba yako amevunjika jino la kutafunia, la kushoto, anakula polepole sana. Tunajifanya hatuna haraka. Lile bonde alilozaliwa bibi yako liko chini ya maji. Tangu waanze kulijaza bwawa la Rufiji, Desemba 2022, viboko wanalala juu ya mashimo yetu ya zamani, na ramani yote ya harufu niliyoachiwa na mama upande ule haina kazi. Shangazi yako bado anakwenda kusimama ukingoni, anatazama maji, anarudi.

Wadogo zako wamepata meno. Mmoja ameng'ata ncha ya mkia wa shangazi, ile nyeupe, haachi hata akiburutwa. Ana doa begani kama lako, lakini lake limefungika, lako lilikuwa na mdomo wazi upande wa nyuma. Nililitazama sana hilo doa ulipokuwa ukiondoka. Nilikuwa nimeshafika, nilikuwa kwenye kichuguu, wewe hukugeuka.

Mbung'o wameanza kupungua jioni. Mvua ya vuli bado mbali, swala wamesogea kwenye majani mabichi ya ukingoni mwa mto, na sisi tunawafuata huko huko ingawa simba wapo. Karibu na moshi sirudi tena, hata tukilala na njaa. Juzi tumelala na njaa.

Mdogo wako aliyekufuata ndiye anayetaka twende sasa hivi. Miguu yenyewe haijapona. Ameamka, anawazunguka wenzake, anamlamba baba yako, na wamekwisha kupiga chafya sita. Hii ya saba. Shangazi yako, nane. Baba yako bado amelala, anajifanya hasikii kwa sababu ya jino. Hiyo tisa. Ngoja niende nikaongeze yangu.

Mama yako