Ushindiliaji wa kifusi cha sakafu

Ndugu wanakikundi, kabla ya kumwaga kifusi, yaani udongo wa kujazia chini ya sakafu, tutaondoa udongo wote wa juu wenye mizizi na majani, kwa kuwa vitu hivyo vikioza huacha mianya inayofanya sakafu ititie na kupasuka. Kifusi kitawekwa kwa matabaka yasiyozidi sentimita 20, na kila tabaka litashindiliwa kikamilifu kabla ya kuongeza jingine, maana nguvu ya mashine ndogo ya kushindilia haifiki chini zaidi, hata ikipitishwa mara kumi. Kuhusu maji, fumbateni udongo kiganjani: ukishikamana vizuri unafaa, ukimong'onyoka unyunyiziwe, na ukilowesha mkono usubiri ukauke. Pembeni mwa kuta, ambako (tukubali) wengi wetu huharakisha, tutatumia kishindilio cha mkono.