Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Mwaka, Kuni za Skuli na Mikoko Yetu

Ndugu wazazi na walezi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka wa masomo tukiwa salama. Mitihani imekwisha na ripoti ziko tayari. Walimu wa madarasa watazikabidhi kwa mzazi au mlezi mwenyewe, si kwa mtoto wala kwa jirani, kwa hiyo naomba mje. Yapo mambo ya kila mtoto ambayo hayaandikiki kwenye karatasi. Kwa jumla matokeo yameniridhisha, isipokuwa hesabu za darasa la tano, na hilo tutalizungumza kwenye mkutano wa kufungua skuli.

Barua ya leo ina jambo jingine, ambalo limenikaa moyoni muhula mzima.

Mnajua kwamba kwa miaka mingi skuli yetu imekuwa ikiwaagiza watoto kuni kila Jumatatu, kipande kimoja kila mmoja, kwa ajili ya kupikia uji. Utaratibu huo niliukuta, nikauendeleza, wala sikuwahi kujiuliza kuni hizo zinatoka wapi. Asubuhi moja nilikuwa jikoni namsubiri mama anayetupikia, nikamwona mtoto wa darasa la nne amechutama mbele ya lundo, anabandua ganda la kijiti kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa pekundu, na ncha za vidole vyake zimeshika wekundu ule. Nikamuuliza ni mti gani. "Mkandaa, mwalimu. Tunakata kule mkondoni." Nikakishika kile kijiti: unene wake ulikuwa kama kidole gumba changu, mti mchanga kabisa. Tukalipindua lundo zima, mimi na yeye. Karibu nusu yake ilikuwa mikandaa na mikoko, miti inayoota kwenye tope la mikondo ya bahari.

Darasani tunawafundisha watoto hawa kwamba mikoko ndiyo inayoilinda pwani, kisha kila Jumatatu tunawatuma wakaikate. Kosa hilo ni la skuli, na mimi ndiye wa kwanza kulibeba. Nawaomba radhi. Kuanzia muhula ujao hakuna mtoto atakayeagizwa kuni.

Wenye viwanja bondeni hawahitaji kuelezwa na mimi. Mnaona wenyewe maji ya chumvi yanavyoingia wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, na vile viwanja vya chini ambavyo zamani vilitoa mpunga wa kula nyumba nzima sasa vimeachwa. Wenzetu wa Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, nao wana kilio hicho hicho. Dunia inapopata joto, maji ya bahari hutanuka, na barafu ya nchi za baridi huyeyuka ikamiminikia baharini, basi bahari inapanda. Joto hilo hilo ndilo lililoyapausha matumbawe mwaka 1998. Wavuvi wa umri wangu wanaukumbuka mwaka ule. Na kina mama wa mwani wanajua zaidi ya kitabu chochote jinsi kotoni, mwani wa bei nzuri, inavyooza maji yakishika moto, hata wengi wakabaki na spinosumu, aina nyingine ya mwani ambayo bei yake ni ndogo.

Baadhi yenu huniambia, "Mwalimu, sisi kiwanda hatuna, gari hatuna, hewa wameichafua wengine." Ni kweli. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya kaboni inayotolewa duniani kwa mwaka, na simkubalii mtu yeyote anayemtupia lawama mkulima wa Pemba. Lakini mkoko wa hapa ukikatwa, chumvi haiendi kwa waliochafua hewa. Inakuja bondeni kwetu. Mizizi ya mikoko hushika tope na kuvunja nguvu ya wimbi, na humo ndimo wanamokulia kamba, kaa na vitoto vya samaki. Tope la chini yake nalo limeweka kaboni nyingi, mara kadhaa kuliko msitu wa nchi kavu wa ukubwa ule ule, na mti ukiondoka tope huchimbuka na ile kaboni hurudi hewani. Kwa hiyo anayeuacha mkoko usimame amelinda mpunga wake kwanza, na dunia imepata fungu lake humo humo.

Kuhusu uji, msiwe na wasiwasi, watoto watakunywa. Wazazi wawili mafundi wametujengea jiko banifu la udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, lenye mdomo mmoja wa kuni na sufuria inayozama hadi nusu. Tumelijaribu wiki mbili za mwisho, na mama mpishi anasema rundo la siku moja sasa linakwenda siku mbili. Tunalilisha makumbi, vifuu, makarara na matawi yaliyopogolewa kwenye miembe. Mwenye makumbi yaliyomzidi uwani atuletee. Tutayapokea kwa furaha.

Nyumbani pia mnaweza kuanza bila kujenga chochote. Maharage na choroko zikilowekwa usiku huwiva kwa kuni chache. Chungu kikifunikwa vilevile. Kuni mbichi ni hasara na moshi wa bure machoni mwa mama na mtoto aliyebebwa mgongoni, basi zianikwe kwanza.

Sasa nieleze habari ya kupanda, kwa sababu hapa tulikosea na ningependa tusirudie. Mwaka jana watoto walipanda mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoota zikiwa bado mtini, kwenye mchanga mweupe karibu na madau, kwa kuwa palikuwa pazuri kwa picha na miguu haizami. Bamvua mbili tu, hakuna kilichobaki. Wazee wa pwani walikuwa wametuonya. Mkoko unataka tope, na unataka mahali ambapo mikoko mingine ilikuwepo. Mwaka huu tulikwenda na wazee hao maji yakiwa yamepwa, tukazididimiza mbegu kwenye tope kiasi cha theluthi ya urefu wake, hatua moja kutoka mbegu hadi mbegu. Nyingi zimetoa majani mawili mawili. Tukaona na jambo jingine: pale palipoachwa tu bila kukatwa, miche imejiotea yenyewe, mingi kuliko yetu. Kwa hiyo ombi langu kubwa kwenu si kupanda. Ni kutokata. Na wenye mbuzi, tafadhali wafungeni wasishukie mkondoni, maana jani changa la mchu, mti mwenzake mkoko, ni chakula chao.

Likizo hii ni msimu wa embe. Kila mtoto nimempa kazi ya kuotesha kokwa tano za embe au mbegu za fenesi katika makopo au chupa kuukuu zilizokatwa na kutobolewa chini. Mbegu ya fenesi isiachwe ikakauka, ipandwe siku ile ile fenesi linapopasuliwa. Masika ikifika, miche itakuwa tayari kutiwa ardhini. Mtoto akisahau kumwagilia, mkumbusheni, lakini msimfanyie.

Maji ya kumwagilia yawe yale yaliyooshea mchele au vyombo. Darasa la sita walipima paa la jengo lao: mita 8 kwa 25. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaangusha lita 2,000 kwenye paa hilo moja, na zote zilikuwa zikichimba msingi wa jengo. Kamati ya skuli inatafuta tangi na mifereji ya bati. Mzazi mwenye ujuzi wa kufunga mifereji hiyo aonane nami. Walimu wa chuo cha Kurani nao wamekubali kuwasimamia watoto wasiache bomba wazi wakati wa kutia udhu.

Mwisho ni taka. Tumeacha kuchoma plastiki nyuma ya skuli. Moshi wake ni sumu na ulikuwa ukiingia darasa la kwanza. Mifuko ya plastiki imekatazwa Zanzibar tangu 2006, na bado naiona mikononi mwa watoto. Wapeni kikapu cha ukili au pakacha.

Ripoti zitatolewa Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Watakaopenda kuona miche ya mkoko tutashuka pamoja baada ya hapo, maji yakipwa. Njooni na viatu vya kuingilia topeni.

Wabillahi tawfiq,

Mwalimu Mkuu