Barua ya wazi kwa mkuu wa PHMSA: sisi wa Goma tunaijua hewa hii

Kwa Mkuu wa PHMSA, mamlaka ya usalama wa mabomba, Marekani

Mheshimiwa,

Naishi Iowa, ila nimekulia Goma, mashariki mwa Kongo. Kwetu hewa ukaa inayotoka ardhini ina jina lake: mazuku. Hufuka kwenye miamba ya volkano kandokando ya Ziwa Kivu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, usiku usio na upepo hutuama mabondeni kama maji. Nikiwa mtoto nilimkuta mbuzi wetu asubuhi amelala shimoni, hana jeraha, majani bado yako mdomoni. Nilitaka kushuka nimtoe. Mjomba alinidaka ukosi wa shati akanivuta juu. Mbuzi tulimwacha palepale.

Ndiyo maana nilipoona ramani ya mabomba yaliyopangwa kupita majimbo matano, yabebe hewa ukaa ya viwanda vya ethanoli hadi North Dakota ikazikwe chini kabisa ya ardhi, jicho langu lilitafuta mabonde.

Unaijua Satartia, Mississippi. Tarehe 22 Februari 2020, baada ya mvua nyingi, udongo wa kilima uliporomoka na bomba la hewa ukaa likakatika. Hewa ikateremka hadi kijijini. Magari yakazimika kwa kukosa oksijeni, wenyewe wakiwa ndani wanajaribu kukimbia. Watu 200 hivi walihamishwa, 45 wakapelekwa hospitali. Uchunguzi wa ofisi yako uligundua kwamba kampuni ilikadiria eneo la hatari kuwa dogo kuliko lilivyokuwa.

Januari 2025 mlitangaza rasimu ya kanuni mpya za usalama wa mabomba ya hewa ukaa. Serikali ikabadilika mwezi uleule, rasimu ikaondolewa.

Sipingi kuizika hewa hiyo. Naomba rasimu irudi, na kila njia ipimwe kwa umbo la ardhi na kwa usiku uliotulia, kabla mtaro haujachimbwa. Ramani ya vipimo hivyo wapewe wenye nyumba, wajue ni mwinuko upi wa kukimbilia, wasitegemee gari.

Na tahadhari ije kwa Kiswahili pia. Wengi wetu tuko zamu ya usiku viwandani. Simu ikilia saa nane za usiku na ujumbe wa Kiingereza, bibi aliyebaki na wajukuu hataelewa.

Mama wa watoto watatu, Iowa